Mshikaki wa Baba Mdogo

Ishaka alichelewa dakika ishirini kwenda kuposa. Ukimuuliza leo atakwambia mwenyewe kwamba angechelewa dakika arobaini mambo yangekwenda vizuri zaidi, maana baba mdogo angekuwa keshamaliza kula.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, mwaka 2018, katika baridi ile ya Johannesburg isiyo na mvua wala huruma, inayokausha midomo mpaka ukicheka inachanika. Ishaka alitoka dukani kwake Malvern, anakoshona na kutundika mapazia, akiwa ndani ya suti ya kijivu aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe. Kushona pazia ni kazi moja na kushona suti ni kazi nyingine kabisa. Hilo alilijua ndani ya teksi, aliponyoosha mkono wa kulia kupitisha nauli mbele, mshono wa kwapani ukamwambia hapana. Ikabidi aende na mkono umebana ubavuni, kama mgonjwa aliyewekewa kipimajoto. Hakujali. Alijiambia kwamba yeye si mtu wa kuposa kwa suti, yeye ni mtu wa kuposa kwa mdomo.

Na mdomo alikuwa nao, hilo tusimnyime. Miaka kumi na minne aliyokaa mji ule, tangu aingie kutoka Dar es Salaam na begi moja na cherehani ya mkono, mdomo ndio uliomlisha. Aliwahi kumuuzia mama mmoja wa Soweto mapazia ya dirisha ambalo lilikuwa bado halijatobolewa ukutani. Harusi za Watanzania hazikukamilika mpaka Ishaka asimame na kipaza sauti, na zikishakamilika ilikuwa kazi kumkalisha. Ukianza kumpa habari, anaidaka katikati na kuimalizia yeye, tena anaimalizia kwa mbwembwe kuliko wewe mwenye nayo. Aliamini watu wanampenda kwa hilo. Wengine walimpenda kweli.

Aliyempenda kuliko wote, kwa sababu ambazo Ishaka mpaka leo hajazielewa, alikuwa Samira. Samira alikuwa na saluni ya kusuka na kupaka hina kule Yeoville, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mpole, aliyekwisha olewa mara moja Dar na kuachwa kwa talaka ya simu. Siku ya kwanza walipoonana, Ishaka alimuuliza kwao wapi. Akajibu kwamba marehemu baba yake alikuwa mtu wa Tabora, na kabla hajaongeza neno Ishaka alikwisha piga makofi. Tabora! Basi wewe Mnyamwezi, basi wewe mtani wangu! Tangu siku hiyo hakumwita tena jina lake. Ikawa mtani asubuhi, mtani jioni, mtani beba mzigo twende zetu.

Kwa asiyejua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakikutana njiani na kuchukuliana vitu. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya sahani, hata kuja kwenye msiba wako akajilaza kaburini mpaka apewe chochote ndipo atoke. Na wewe hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha, na watu watakucheka mwaka mzima. Ishaka, Mzaramo wa Kisarawe, alilelewa na babu aliyempigia hadithi hizo kila siku, na katika mji huu ambao mtu akigusa chakula chako mnaweza kufikishana polisi, utani ndio ulikuwa nyumbani kwake. Alikuwa hana kingine alichokuja nacho ambacho hakijachakaa.

Mwezi wa Mei alimwambia Samira kwamba anataka kumuoa, na safari hii alisema bila kucheka. Samira alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba basi aende akaongee na baba mdogo. Ishaka alidhani ni maringo ya kike. Akafurahi.

Baba mdogo ndiye aliyemlea Samira baada ya baba yake kufariki, na ndiye walii wake, mwenye idhini ya kumwozesha. Jina lake Bakiri, stesheni masta mstaafu wa reli, Tabora. Alikuwa anakuja kwa basi, safari ya siku nne, akae siku tatu, amwone huyo fundi pazia, arudi. Na Samira alisema wazi kabisa: mara ya kwanza aliolewa bila baraka za baba mdogo na matokeo yake kila mtu aliyaona, kwa hiyo mzee akikataa, limekwisha, hataki kusikia tena habari hiyo. Halafu akampa Ishaka sharti moja dogo. Siku hiyo usitanie, alisema. Msikilize tu.

Ishaka alimpenda, jamani. Tusimcheke mpaka tukasahau hilo. Jioni akishafunga duka, ule ukimya wa chumba chake ulimtisha kuliko majambazi, na mtu pekee ambaye mbele yake ukimya usingemtisha alikuwa Samira. Ila hakuwahi kuujaribu hata mara moja ili ajue hivyo. Kila ukimya ulipotaka kuingia, yeye aliuwahi mlangoni.

Mahali pa kukutana palichaguliwa na Ishaka: kwa Mwajemi, Observatory, mkahawa mdogo ulio chini ya mlima, ambako yeye na Samira walikuwa wakila karibu kila Jumamosi. Mwenyewe ni mzee wa Kiajemi anayechoma nyama kwenye makaa mbele ya wateja, na mkewe ni mama wa Kikolombia aitwaye Luz, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Bango la nje upande mmoja lina mshikaki na upande wa pili lina pilipili iliyovaa kofia pana. Karatasi ya vyakula nayo ina pande mbili: mbele ni kebabu na wali wa zafarani, nyuma ni vyakula vya Kilatino vya mama. Cheti cha halali kimetundikwa ukutani katikati, na siku zile za Kombe la Dunia kilikuwa kimezungukwa na bendera mbili, ya Iran na ya Kolombia, zote za timu zilizokwisha rudi nyumbani. Ishaka alikuwa anakwenda pale mwaka wa pili sasa, na ile karatasi hakuwahi kuigeuza.

Basi amefika. Saa ya ahadi ilikuwa kumi jioni, na saa yake ilisema kumi na ishirini, ambayo kwa hesabu za Ishaka ni mapema. Alipochungulia dirishani aliona mzee mmoja amekaa peke yake mezani, suti ya kaunda rangi ya maziwa, iliyopigwa pasi mpaka inakata, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, saa ya mnyororo imelazwa mezani kando ya sahani. Kwenye sahani kulikuwa na mishikaki miwili inayofuka moshi. Mkoba wa Samira ulikuwa umening'inia kwenye kiti cha pembeni, lakini mwenyewe hayupo, amekwenda kunawa.

Hapo ndipo akili ya Ishaka ilipofanya kazi yake. Ni kweli Samira alisema asitanie. Lakini Samira ni mwanamke wa siku hizi, anajua nini habari za wazee wa zamani? Mzee wa Kinyamwezi ametoka Tabora, siku nne kwenye basi, anafika nchi ya watu, halafu Mzaramo anamjia na shikamoo baridi kama karani wa benki! Hilo ndilo lingekuwa tusi. Mtani halisi anaingia kwa kishindo. Mzee atacheka, atatukana naye, watu wawili watakuwa ndugu kabla kiti hakijavutwa, na posa itajipitisha yenyewe.

Akaingia kwa nyuma, akinyata. Mzee alikuwa ndiyo kwanza amesema bismillahi na kuinua mkono. Mkono wa Ishaka ukapita juu ya bega lake ukanyakua mshikaki mmoja, tena ulikuwa mkono wa kushoto, maana wa kulia suti ilikuwa imeukamata.

"Mnyamwezi wewe!" alisema Ishaka, mkahawa mzima ukasikia. "Nani kakufundisha kula nyama? Wewe beba mzigo, chakula tuachie sisi wenye pwani."

Akaing'ata ile nyama. Ilikuwa imetoka kwenye makaa muda uleule, na moto wake ukamshika ulimi, ukamshika paa la mdomo, machozi yakamtoka. Hakuweza kuitema mbele ya mkwe wala kuimeza. Akasimama akipumua kwa mdomo wazi, na mafuta ya zafarani yakadondoka kutoka kwenye mshikaki, tone moja nene, yakatua kwenye mkono wa ile kaunda ya rangi ya maziwa. Doa la njano likatanuka polepole mpaka likawa na ukubwa wa sarafu.

Mzee alilitazama doa. Kisha akamtazama Ishaka, kuanzia viatu mpaka kwapani.

"Wa alaykum salaam," alisema.

Salamu yenyewe hakuna aliyekuwa ameitoa. Ishaka anasema kwamba katika maisha yake amepigwa ngumi mbili za uso, na zote mbili hazikuuma kama ile wa alaykum salaam.

Samira akatokea, mikono bado ina maji. Alimwona mchumba wake amesimama na mshikaki mkono wa kushoto na machozi mashavuni, akaliona doa, akauona uso wa mzee, akaelewa yote kwa mpigo. Alikuja mpaka karibu kabisa na sikio la Ishaka.

"Baba mdogo si Mnyamwezi," alisema.

Ishaka alimeza kile kipande kwa nguvu, kikashuka kikimchoma njia nzima, ndipo akaweza kuuliza kama si mtu wa Tabora. Wa Tabora, akajibiwa, kazaliwa Tabora, lakini wao ni Wamanyema, babu yao alitoka Kongo. Tabora kuna watu wa kila aina. Ishaka akasema kwa kunong'ona kwamba hakuambiwa.

"Nilikwambia," alisema Samira. "Ulikuwa unaongea."

Ishaka alitamani sakafu impokee. Kwa hiyo hakuwa mtani. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na moja aliyeingia mkahawani na kumwibia mzee wa watu nyama. Alirudisha kijiti cha mshikaki kwenye sahani, kipande kimoja kimeng'atwa, akaona haifai, akakichukua tena, akaona ndiyo mbaya zaidi, mwisho akakishika nyuma ya mgongo kama mtoto anayeficha kitu. Mzee akamwonyesha kiti. Akakaa, na alipokaa kwapa la kushoto likachanika, sauti ikasikika mpaka kwa Mwajemi penye makaa.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Ishaka aliomba radhi. Aliomba radhi kwa dakika kumi nzima, akaeleza misafara, akaeleza babu yake wa Kisarawe, akaeleza utani wa msibani na kaburi, akafika mahali akasema kwamba Wamanyema anawaheshimu sana, hata fundi wake wa kwanza wa cherehani alikuwa Mmanyema na hakuwahi kumwibia, mtu mmoja mwaminifu ajabu. Aliposikia sentensi hiyo inatoka mdomoni mwake mwenyewe alijaribu kuikimbilia na nyingine. Baba mdogo alikuwa anakula mshikaki wake uliobaki, taratibu, akitafuna kila upande. Alipomaliza alisema kwamba kama utani na Wazaramo upo, yeye hakufundishwa, na kwamba hata ukiwepo, kwao mkwe hatiwi mkono kwenye sahani. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Ishaka alianza kutokwa jasho, katika baridi ile.

Akaamua kuokoa jahazi kwa ukarimu. Akamwita Mwajemi, akaagiza kebabu tatu na wali, kubwa, ya mzee iwe na nyanya mbili. Baba mdogo akaichukua ile karatasi ya vyakula, akaisoma upande wa mbele kama mtu anayesoma ratiba, akaigeuza.

"Na huku?" aliuliza.

Huko ni vyakula vya Kilatino, alijibu Ishaka, mahindi mahindi tu na maharage, wao hawavili. Mzee akauliza hawavili nani. Ishaka akasema mimi na Samira, hatuvipendi, Samira kwanza si mlaji, hata kebabu huwa anadonoa tu na kuniachia, mtoto wa kike mwenye adabu zake. Alisema hivyo kwa fahari. Ni jambo ambalo alikuwa amekwisha lisema kwenye harusi tatu, akiwa na kipaza sauti.

Wakati huohuo mama Luz akatoka jikoni na sahani. Hakuuliza ni ya nani. Aliiweka mbele ya Samira na kumpapasa begani: mkate mnene wa mahindi uliochomwa, umepasuliwa katikati, umejazwa maharage meusi, jibini na parachichi, na kando yake kibakuli cha pilipili ya kijani. Ishaka akamwambia kwa Kiingereza kwamba amekosea meza. Mama Luz akacheka kile kicheko chake. Amekosea nini? Huyu ni Samira wa Jumanne. Kila Jumanne saluni ikifungwa anakuja, anakaa kiti kile cha karibu na jiko, anakula arepa yake, wanapiga soga, anakwenda. Mwaka wa pili sasa. Mama akarudi zake jikoni.

Samira aliushika ule mkate kwa mikono miwili, akang'ata, maharage yakamgusa kidevu, akayafuta kwa kidole na kukilamba kidole. Alikula kama mtu mwenye njaa na mwenye raha. Miaka miwili Ishaka alikuwa hajaiona sura ile, na ilikuwa inapatikana kila Jumanne, mahali palepale, kwa yeyote aliyeingia na kukaa.

Jambo hilo lilimuuma, na Ishaka akiumwa anasimulia. Akageukia kwa mzee na kuchomoa kisa chake cha akiba, kile ambacho hakijawahi kumwangusha: kisa cha pazia la mchungaji. Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Kikongo pale Malvern, aliagiza pazia la madhabahu lenye njiwa kumi na wawili wa kutarizwa, na Ishaka, usingizi umemshika, akalitia pete upande wa chini, kwa hiyo lilipotundikwa siku ya Jumapili mbele ya waumini...

"Hicho nimeshakisikia," alisema Samira.

Aliuweka mkate chini. Ishaka akacheka, akasema mzee bado, akataka kuendelea na wale njiwa, lakini baba mdogo alikuwa hamtazami yeye tena. Alikuwa anamtazama Samira, ambaye macho yake yalikuwa mezani. Kisha mzee aliichukua saa yake ya mnyororo, akaifunga, akaitia mfukoni, akamwomba Ishaka amsikilize kidogo.

Akasema kwamba miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya simu. Reli ni moja, treni zinakuja kutoka pande zote mbili. Stesheni ya jirani inakupigia kukupa treni: namba yake, saa yake, njia yake. Wewe hujibu ndiyo wala hapana. Unarudia kwanza kila ulichoambiwa, neno kwa neno, mwenzako akisikia umerudia sawa ndipo treni inaondoka. Hata kama mnajuana, hata kama sauti yake unaiota. Alikuwa na kijana mmoja msaidizi, mwerevu, mcheshi, kila mtu alimpenda, na huyo alikuwa anajibu kabla hajaambiwa yote, kwa sababu alikwisha jua litakalosemwa. Baba mdogo hakusema kilichompata kijana huyo. Alikunywa maji.

"Nilikuja kukuuliza unajua nini kuhusu mwanangu," alisema. "Sasa siulizi, nimeona. Samira, kuna kitu unacho, na si cha leo. Mpe. Na wewe fundi, rudia kama unavyopokea. Usitie lako."

Ishaka akataka kusema kwamba hilo ni wazo zuri sana. Akajizuia, na kujizuia huko kulimuuma karibu sawa na ule moto wa nyama. Alikuwa anajua kwamba posa yake imefika kwenye mizani, na kwamba safari hii mdomo hauruhusiwi kuingia kama ulivyozoea.

Samira alijifuta vidole kimoja kimoja.

"Mwaka jana, mwezi wa nane, kwenye meza hii hii."

"Mwaka jana, mwezi wa nane, kwenye meza hii hii," alirudia Ishaka.

"Ulikuwa unasimulia kisa cha pazia la mchungaji."

"Nilikuwa..." Baba mdogo akainua kidole. Ishaka akaanza upya. "Ulikuwa unasimulia kisa cha pazia la mchungaji."

"Ulipofika kwa mke wa mchungaji anavyomtetea mumewe, ukasema mke kama yule ndiye unayemtaka, na ukaniuliza kama nitakubali kuolewa na wewe."

Aliyarudia hayo pia, polepole, na huku akirudia alianza kukumbuka. Alikumbuka kwamba ndivyo anavyokisimulia siku zote, kwamba hapo huweka swali hilo, watu wakacheka, akaendelea na njiwa. Alikumbuka pia kwamba mwaka jana mwezi wa nane Samira alinuna wiki nzima. Hakupokea simu. Ishaka alizunguka mji mzima akitafuta kosa lake, hakuliona, akamnunulia mtandio wa rangi ya zambarau, Samira akaupokea, na yeye akawaambia rafiki zake kwamba wanawake hawana formula.

Samira alikuwa bado anamtazama usoni.

"Nikakwambia nimekubali," alisema.

Ishaka alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, ya kurudia, hata kasuku angeweza. Mdomo ule uliouza mapazia ya dirisha lisilokuwepo ulikaa wazi na usitoe kitu. Alimwona mwanamke aliyeachwa kwa simu, amekaa kwenye kiti kile, amekusanya nguvu mwaka mzima ili aseme neno lile kwa mara ya pili maishani mwake, analisema, na ng'ambo ya meza kuna bwege anaigiza njiwa walioning'inia vichwa chini, mikono yote miwili hewani.

"Nikakwambia," alisema Ishaka, na sauti haikuwa yake, "nimekubali."

"Ukaniambia ngoja kwanza nimalize."

"Ukaniambia ngoja kwanza nimalize."

Kebabu tatu zilikuwa zimekwisha letwa na zilikuwa zinapoa. Ishaka alikuwa analia waziwazi, na safari hii hakuweza kuisingizia nyama. Alikuwa na maneno, msidhani hakuwa nayo. Yalikuja mengi, ya kujieleza, ya kuapa, hata kichekesho kimoja kizuri sana kuhusu mtandio wa zambarau. Aliyasikia yote yanavyogonga kwa ndani, akayaacha yagonge.

Baba mdogo alingoja kwa muda ambao treni nzima ingepita. Kisha akasema kwamba yeye hana la kukubali wala la kukataa. Jambo mwanawe alilimaliza mwaka jana, na yeye amepanda basi siku nne kuja kusikiliza lililokwisha. Jumatatu anaondoka, kwa hiyo mtu akitaka kufunga ndoa kesho baada ya adhuhuri, walii yupo. Akavuta sahani ya kebabu ya Ishaka, akachagua mshikaki mmoja, ule mnono, akautia kwenye sahani yake, kwa mkono wa kulia.

Ishaka hakugusa chakula. Alimgeukia Samira, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuuwahi ukimya mlangoni. Ukaingia, ukakaa nao pale mezani, na haukumfanya kitu. Samira aliukata mkate wake wa mahindi katikati, nusu akaiweka mbele ya Ishaka, akaisukuma kidogo pamoja na kibakuli cha pilipili.

"Haya," alisema. "Umemaliza?"

Ishaka akaitikia kwa kichwa kwamba amemaliza, akauchukua ule mkate kwa mkono wa kulia, kwapa lililobaki nalo likachanika, akala.